Zimwi Nyuma ya Mtungi

Mnisamehe, jamani, ngano hii nitaiharibu, maana naisimulia nimesimama.

Bi Mwanakheri alifuga paka aliyeweza kumwona zimwi asiyeonekana, na mbwa wa kumng'ata. Kwake haki ilikuwa sinia moja: wote ugali na maharage. Mbwa akanenepa, paka akafifia macho.

Zimwi akaja, akabeba kuku. Akaja tena, akabeba mbuzi, akanguruma, "Kesho nakubeba wewe, bibi!"

"We paka, ulinzi gani huu?"

"Bibi, sioni! Mwenzangu ugali na kitoweo kidogo vyamtosha. Mimi bila nyama macho yanazimika."

"Anadeka huyo!" mbwa akadakia.

"Nyamaza! Asipoona yeye, utang'ata upepo?"

Bibi akachinja jogoo wake wa mwisho, akamlisha paka maini. Macho yakawaka kama makaa.

Zimwi akaja mara ya tatu, kimyakimya.

"Nyuma ya mtungi!" paka akapiga kelele.

Mbwa akaruka, akang'ata tako, zimwi akatoka mbio akimlilia mama yake. Tangu hapo kwa Bi Mwanakheri sinia ni mbili.

Mnaniuliza nimeyajuaje yote haya? Ninyi nanyi! Mbona hamjiulizi kwa nini siketi?