Jongoo na Miguu Yake ya Akiba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walionyimwa chakula. Na wakubwa nao waitikie, hadithi si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na Jongoo, na Jongoo alikuwa na binti, jina lake Mwanahawa. Mwanahawa akaposwa mbali, ng'ambo ya Uwanda wa Mawe. Mamake akatangulia naye kwa matayarisho. Ikapangwa ndoa iwe siku mwezi ukiandama. Na kwa akina Jongoo mila ni hii: mwari hatoki chumbani mpaka babake aingie, amshike mkono, amtoe. Msiniulize jongoo ana mkono gani. Baba asipofika, hakuna harusi.

Jongoo akafunga safari na jirani yake, Konokono. Jongoo chaka-chaka-chaka-chaka. Konokono tereee. Jongoo anakwenda, anasimama, anangoja. Anakwenda, anasimama, anangoja.

"Jirani," akasema Jongoo, "una mguu mmoja, na huo mmoja wenyewe unauburuta. Na ute huo unaoumwaga njia nzima, hata haya huna?"

"Ndio mwendo wangu," akasema Konokono.

Jua likapanda. Mawe yakawaka. Konokono akaingia kivulini, chini ya jiwe kubwa jekundu, akasema, "Tungoje jua lishuke." Jongoo hakungoja. Akatoka, na upande wake wa kulia ukapita juu ya jiwe bapa lililoiva kwa jua. Chwaa! Miguu ya mbele ikatoka malengelenge.

"Umeumia," akasema Konokono. "Kaa uuguze."

"Hii? Hii michache tu. Nina mingine tele ya akiba."

Akaenda zake. Ile mizima ikabeba kazi ya ile mibovu. Ikachoka, nayo ikatoka malengelenge. Akasema, "Bado ninayo." Malengelenge yakapasuka, mchanga ukaingia. Akasema, "Bado ninayo." Hata upande wa kulia wote ukawa hauna mguu wa kukanyagia, na wa kushoto unasukuma peke yake. Aliumwa mpaka machozi yakamtoka. Lakini alimfikiria Mwanahawa chumbani, ametega sikio mlangoni, akaendelea.

Sasa ninyi wenye akili, mtu akipiga kafi upande mmoja tu, mtumbwi unakwenda wapi?

Unazunguka.

Kumbe mnajua. Jongoo hakujua. Jioni akaona mbele yake jiwe kubwa jekundu, na chini ya jiwe, Konokono ndiyo kwanza anatoka kivulini.

"Umenipitaje?" akauliza Jongoo.

"Sijakupita. Mimi sijaondoka hapa. Wewe ndiye umerudi."

Jongoo akatazama nyuma. Nyayo zake zimechora duara uwandani. Akajiviringa pale chini, akalia.

"Harusi ya mwanangu nimeiharibu," akasema.

"Hujaiharibu bado. Inyooshe hiyo miguu niione."

Konokono akaitazama mmoja mmoja. Akaiosha kwa umande, mchanga ukatoka. Kisha akapita juu yake taratibu, tereee, akaipaka ute wake. Ute ulikuwa baridi. Jongoo akaona haya, maana ndio ule ule alioutukana.

Siku zikapita. Asubuhi umande, jioni ute. Jongoo akitaka kuinuka, Konokono anamwambia, "Bado." Akitaka tena, "Bado." Malengelenge yakakauka. Ngozi mpya ikaota, laini kama ya mtoto.

Jioni moja mwezi ukaandama. Jongoo akautazama akiwa amelala. Moyo ukamuuma kuliko miguu.

"Ndio leo," akasema. "Wageni wamefika, na mimi nipo hapa nimelala."

"Wageni wakichoka wataondoka," akasema Konokono. "Mwanao atakuwapo."

Alfajiri Konokono akaijaribu ile miguu, mmoja mmoja, akaridhika. "Sasa twende. Mimi mbele, wewe nyuma. Ukanyage nilipopita."

Jongoo akasita. Baba wa bibi harusi anaongozwa na Konokono, watu watasemaje? Akakanyaga hivyo hivyo. Na mawe yale yale yaliyomchubua, kwa ule ute, yakawa laini. Tereee, chaka. Tereee, chaka. Jua likiwaka wanapumzika, jua likishuka wanakwenda.

Walipofika, mikeka imekunjwa. Pilau imeliwa. Wageni wamekwenda zao, na ngoma zimeegemezwa ukutani. Jongoo akaingia chumbani. Mwanahawa yuko pale pale, na hina yake imeanza kufifia.

"Baba, walisema hutakuja. Nikasema sitoki mpaka uje."

"Nimechelewa, mwanangu. Unisamehe."

"Nilikuona dirishani. Wewe mwenye miguu yote hiyo, mbona umekuja nyuma ya Konokono?"

"Mwanangu," akasema Jongoo, "nilijaribu kuja mbele yake. Sikufika."

Akamshika mkono, akamtoa. Majirani wakaitwa. Mikeka ikatandikwa upya, pilau ikapikwa upya, ngoma zikarudi uwanjani. Na wa kwanza kupakuliwa alikuwa Konokono, kabla ya bwana harusi.

Fundisho langu nalitaja waziwazi, msije mkasema sikuwaambia. Mguu ukiumia njiani, kaa chini uuguze, hata kama unangojwa. Anayekupenda kweli atakungoja. Na ukipata wa kukuuguza, kubali akutangulie.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini, inaosha miguu. Nanyi kaosheni yenu, mkalale.