Chupa ya Kunyunyizia na Gari la Mkunga

Ukibadili vyote, hutajua kilichouma.

Bibi Lusubilo aliyasema maneno hayo taratibu, bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage aliyokuwa akichambua, na vijana wawili waliokaa mbele yake wakatazamana.

Walikuwa Atupele, mjukuu wake, na Gwamaka, mume wa Atupele. Walikuja na mtoto wao wa wiki saba, ambaye kila mchana, na zaidi alasiri, alikuwa akilia mpaka sauti inakauka. Tangu Jumatatu walikuwa wamebadili sabuni ya kufulia nepi, wakabadili na mafuta ya kumpaka. Walikihamisha kitanda chake, Atupele akaachishwa maharage na kabichi, wakaanza dawa ya tumbo, na jana jioni Gwamaka akaleta kofia mpya ya sufu. Leo mtoto alikuwa amelala kifuani pa mama yake, kimya, nao hawakujua washukuru kofia au washukuru dawa.

"Bibi, hiyo methali shuleni hatukufundishwa," Gwamaka alisema.

"Shule yenu haikupita kwetu. Methali hiyo inanizidi umri kwa mwezi mmoja tu. Ilizaliwa kwenye gari bovu."

"Kwenye gari?" Atupele akacheka.

"Cheka polepole, utamwamsha. Nisikilizeni jinsi ilivyoanza."

*

Kabla lami haijafika milimani juu ya Tukuyu, paliishi fundi wa magari aitwaye Lwitiko na mkewe Tusekile. Tusekile alikuwa mwimbaji wa kwaya, na ndiye aliyepiga pasi kanzu za wanakwaya wote. Kwa kazi hiyo alikuwa na chupa ya kunyunyizia maji nguo zilizokauka sana, kifuniko chake kimetobolewa matundu kwa msumari. Pasi ya mkaa ikishika moto, chupa ile haikutoka mkononi mwake.

Gari lililotegemewa pale kijijini lilikuwa moja, pikapu ya rangi ya maziwa ya Mama Ambakisye, mkunga. Marehemu mumewe alimwachia ikiwa imeshazeeka. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na honi ililia gari linapokata kona tu. Hata hivyo ndilo lililowateremsha wajawazito hospitalini, mwendo wa kilomita ishirini na kitu.

Shida yake ilikuwa moja. Siku ya jua liliwaka kwa mguso wa kwanza. Siku ya mvua lilikohoa, likatetemeka, likazima. Na huko kwetu mvua haina msimu, ina mapumziko tu.

"Gari hili limesoma," alisema Mzee Mwakatobe, jirani yao. "Likiona matope linakumbuka kwamba linaumwa kichwa."

Watu walicheka utani huo mpaka asubuhi moja ya mvua uchungu ulipomshika Tusekile, mimba yake ya kwanza. Pikapu iligoma. Lwitiko aliinama chini ya boneti mpaka vidole vikachubuka, lakini haikuwaka. Mwishowe vijana walimbeba Tusekile kwa machela ya mianzi. Walifika. Mtoto alizaliwa, wa kiume, mwenye nywele nyingi. Hakulia.

Tangu siku ile Lwitiko hakulizungumza jambo hilo. Badala yake alianza kubadili mambo. Kitanda alikitoa, akachonga kingine. Chumba cha kulala alikihamishia upande wa mashariki. Aliyang'oa maua ya njano yaliyokuwa mlangoni, kwa kuwa aliyaona asubuhi ile. Tusekile aliposhika mimba tena, Lwitiko alimnyang'anya jembe na ndoo ya maji, akamzuia kwenda kwa mama yake, akamwomba hata kwaya aiache, eti kuimba kunachosha pumzi. Yote aliyafanya kwa upole, na Tusekile aliupokea upole ule kama mtu anayefunikwa blanketi la tano. Alijua anapendwa. Ila alikosa hewa.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, Lwitiko alishuka Mbeya akarudi na boksi zito. Kwa siku moja aling'oa plagi zote na nyaya zake, akang'oa na vifaa vingine vya kutoa cheche, koili, platinamu, kondensa, na kile kifuniko cheusi cha distributa kinachogawa moto kwa plagi zote nne. Kila mahali akaweka kipya. Jua lilikuwa linawaka. Aliposhika ufunguo, gari likaunguruma kabla hajaumalizia kuuzungusha.

Sasa, mafundi wa kule walikuwa na desturi yao. Kifaa cha zamani kikitoka kwenye gari, hurudishwa mkononi mwa mwenye gari, ili aone kwa macho yake kilichotoka. Lwitiko alivifunga vile vikuukuu kwenye gunia, akampelekea Mama Ambakisye.

"Takataka hizo, mama. Katupe shimoni."

"Zimenibebea watoto wa kijiji kizima," mkunga alijibu. "Zitalala chini ya kitanda changu."

Lwitiko alitembea wiki nzima kifua mbele. Usiku alilala usingizi mzito, na Tusekile, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, alimsikia akikoroma. Alifurahi kumsikia.

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Lwitiko alikwenda kulijaribu gari. Liliwaka, likakohoa, likatetemeka, likazima.

Tusekile alimsubiri kwa chai, hakurudi. Akajifunika jani la mgomba, akatia chupa yake kwenye kikapu pamoja na viazi vya kuchemsha, kwa kuwa alikuwa na kanzu za kupiga pasi kwa Mama Ambakisye, akashuka taratibu huku ameshika kiuno.

Alimkuta mumewe bandani kwa mkunga, ameshika spana kubwa, uso wa kijivu kama majivu ya jana. Mama Ambakisye alisimama kando, mikono kifuani.

"Nashusha injini," Lwitiko alisema bila kugeuka.

"Ukiishusha, itapanda lini?" mkunga aliuliza.

"Wiki tatu. Pengine mwezi."

"Tumbo la mkeo halina mwezi."

Spana ikabaki hewani. Tusekile aliweka kikapu chini.

"Baba," alimwita kwa sauti ya chini, "ugonjwa huu ni ule wa mwaka jana au ni mwingine?"

"Sijui."

"Utajuaje?"

Lwitiko aliishusha spana. Mvua ilipiga mabati. "Siwezi kujua," alisema mwishowe. "Nilibadili vyote siku moja. Huenda wa zamani umebaki. Huenda ulitoka, nikaingiza mwingine kwa mkono wangu."

"Basi tuutafute. Lipanguse, liwashe hapa bandani palipo pakavu."

"Likikauka litawaka, halafu iwe nini?"

"Halafu nitalinyeshea mimi."

Akatoa chupa yake ya kunyunyizia. Mama Ambakisye akacheka kwa pua. "Leo gari linapigwa pasi," alisema.

Lwitiko aliinama tena chini ya boneti. Alipangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu, akawasha, gari likaunguruma vizuri. Tusekile akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, na mumewe akamwonyesha pa kunyunyizia na mahali pa kuweka mkono mbali. Alinyunyizia koili, tone kwa tone. Wakasikiliza. Gari likaendelea kuunguruma. Akanyunyizia waya wa kwanza, wakasikiliza, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Likaunguruma tu.

Akanyunyizia kifuniko cha distributa. Gari likakohoa, likatetemeka, likazima.

Lwitiko alikifungua upesi, akakipeleka mlangoni penye mwanga. Kando ya skrubu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Kilikuwa kizima nilipokitoa kwenye boksi," alisema. "Nilikaza mno. Mikono haikutulia siku ile."

Mama Ambakisye alikwishaondoka. Alirudi na gunia kutoka chini ya kitanda. Wakafunga kifuniko kikuukuu, kile kile kilichoitwa takataka. Tusekile akakinyunyizia mpaka maji yakachuruzika. Gari halikushtuka.

Lwitiko akavuta pumzi ndefu, akashika boneti aifunge.

"Bado," Tusekile alisema.

"Si linawaka? Unataka nini tena, mke wangu?"

"Nataka kujua la mwaka jana."

Uso wa Lwitiko ulibadilika. Alitaka kukataa, ikaonekana. Lakini alimimina vile vikuukuu juu ya gunia, na wakaanza kuvirudisha, kimoja kimoja, wakinyunyizia na kusikiliza kila kimoja. Koili ya zamani ilikuwa nzima. Kondensa nzima. Waya wa kwanza mzima, wa pili mzima. Waya wa tatu ulipoguswa na maji, gari likakohoa kikohozi kile kile kila mtu alichokifahamu. Lwitiko aliupindua. Kwa chini, pale ulipoegemea chuma, mpira ulikuwa umepasuka. Kwa juu ulionekana mpya.

Alizima gari, akakaa juu ya tairi kuukuu, waya mkononi.

"Waya mmoja," alisema. "Niliinama hapo asubuhi nzima. Waya mmoja. Mimi ndiye niliyemuua."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Ningeuona tungewahi."

Tusekile alimtazama mkunga, na mkunga akaitikia kwa kichwa kumruhusu. "Kitovu kilikuwa kimemkaba mtoto shingoni tangu usiku, kabla hujashika hata spana," Tusekile alisema. "Mama Ambakisye aliusikiliza moyo wake tulipokuwa bado nyumbani, hakuusikia. Alinificha mpaka tuliporudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila nilipofungua mdomo, ulikuwa umebeba kitu unakihamisha. Umebadili kitanda, umebadili chumba, umeng'oa maua yangu, umeninyima kuimba. Siku moja hukukaa ukaniuliza panauma wapi. Ukibadili vyote, Lwitiko, hutajua kilichouma."

Mvua ilikuwa imepungua, na matone yaliyobaki yalihesabika juu ya bati. Lwitiko aliuweka waya chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, akashika mikono ya mkewe, yenye harufu ya mkaa wa pasi.

"Panauma wapi?" aliuliza.

Tusekile alikaa naye juu ya tairi. "Tulimpa jina," alisema. "Hakuna anayelitaja. Hata wewe."

Lwitiko aliinamisha kichwa. Midomo ilitangulia, sauti ikachelewa.

"Ipyana," alisema. Akarudia, kwa sauti iliyosikika vizuri zaidi, kama mtu anayemwita mwanawe aje kula. "Ipyana."

Mama Ambakisye alitoka nje ya banda kwenda kutazama mvua.

Jioni ile Lwitiko alifunga waya mpya na kifuniko kikuukuu, vingine akaviacha kama vilivyo. Jumapili Tusekile aliimba kwaya akiwa amekaa kwenye kiti. Na wiki chache baadaye, alfajiri ya mvua kubwa iliyoinamisha migomba, pikapu iliwaka kwa mguso wa kwanza. Honi ililia katika kila kona mpaka hospitalini. Kabla ya saa sita mchana alizaliwa mtoto wa kike, akalia kwa nguvu hata wauguzi wakacheka. Walimpa jina Lusubilo, maana yake tumaini.

Aliyeueneza msemo ule ni Mama Ambakisye. Mafundi waliudaka kwake kwanza, maana uliwagusa. Kisha ukaingia jikoni, ukaingia shambani, na kila mahali ulikoingia ulikuta mtu mwenye haraka.

*

Ungo wa maharage ulikuwa umekwisha. Atupele alimkazia bibi yake macho.

"Lusubilo ni wewe, Bibi."

"Kwani mwingine unamjua?"

"Na chupa iko wapi?"

"Chupa ni chupa, ilivunjika. Kaka yangu Ipyana ndiye aliyebaki. Tulikua tukimtaja kila tulipokula."

Mtoto alianza kujinyonganyonga kifuani pa mama yake. Alasiri ilikuwa imefika. Gwamaka aliinuka haraka, mkono ukienda kwenye mfuko wenye dawa na mafuta, kisha mkono ukasita. Akarudi, akapiga magoti mbele ya mkewe, akafungua fundo la kofia, akaivua hiyo tu.

Walisikiliza. Mtoto aliguna, akaanza kulia, ila si kwa ukali wa jana.

"Basi si kofia iliyomtuliza," Gwamaka alisema. "Dawa tutaangalia kesho." Halafu akamtazama Atupele vizuri, kama aliyesahau kumtazama kwa siku nyingi. "Na wewe je, mama? Panakuuma wapi?"

Macho ya Atupele yalijaa maji kabla hajapata neno. "Usingizi," alisema. "Na naogopa. Kila akilia naona kama nimekosea mimi."

Gwamaka alimpokea mtoto akamlaza begani, akaanza kutembea naye uani huku na huko, huku akimwimbia wimbo asioujua vizuri. Bibi Lusubilo alimtandikia mjukuu wake mkeka, akamfunika kitenge kimoja tu.

"Lala," alimwambia. "Tumeanza na kimoja. Ukibadili vyote, hutajua kilichouma."