Ngoma ya Kumpokea Mgeni

Wahenga walisema kwamba anayecheza ngoma aliyozaliwa nayo, mahali anapojulikana, hakosi zawadi. Damaris aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Lakini kujua ni jambo moja, kutii ni jingine.

Damaris aliongoza kikundi cha akina mama wachuma majani chai wa Nyaramba. Iliposikika kwamba mama mmoja wa Ghana anakuja kuchagua kikundi kitakachoalikwa kwenye tamasha la ngoma kwao, tamaa ilimwaka kama moto kwenye nyasi kavu. Alitafuta ngoma za Ghana kwenye simu, akachagua moja nzito iliyompendeza. Kwa majuma matatu wenzake waliipiga mpaka viganja vikavimba.

Omong'ina Nyanchera, mkongwe wa kikundi, alikuja mazoezini na njuga zake miguuni.

"Vua hizo, Mama," Damaris alimwambia mbele ya wote. "Unataka tuonekane washamba? Huo wimbo wako wa kusaga wimbi, nani atapanda ndege kuja kuusikia?"

"Yaya! Hapana, sivui. Nitakaa tu hapo kwa benchi. Lakini hiyo ngoma yenu inasema nini?"

"Ngoma inalia, Mama. Haisemi."

Wanawake wakacheka. Nyanchera akaenda kukaa.

Siku ikafika. Mgeni alipoketi, wakapiga ngoma kwa nguvu, huku wakitabasamu hadi magego. Mgeni akasimama ghafla, akavua viatu, akainamisha kichwa. Damaris akadhani wameheshimiwa, akazidisha mapigo.

Walipomaliza, mgeni alimnong'oneza mwalimu Geoffrey, mkalimani wake. Geoffrey akakohoa.

"Anawapa pole. Anauliza marehemu ni nani."

"Marehemu gani, mwalimu?"

"Anasema kwao ngoma hiyo hupigwa mtu mkubwa akizikwa. Tena anashangaa mbona mnafurahi."

Bonareri, mmoja wa wachezaji, alicheka, akaziba mdomo kwa leso. Damaris alitamani ardhi ipasuke immeze mzimamzima. Mgeni akauliza tena, kwa upole: kwao wenyewe, hapa Nyaramba, wanacheza nini?

Damaris akageuka polepole kuelekea benchi. Nyanchera alikuwa ameketi hapo, njuga bado miguuni.

"Mama," akasema, "tusaidie."

"Mshamba awasaidie?" Nyanchera alimtazama kitambo. "Haya, nishike mkono. Magoti haya yana mambo."

Akapiga mguu chini mara moja, njuga zikaitika. Akaanza wimbo wa kusaga. Wanawake wakaweka ngoma chini, wakaitikia wote, mikono ikienda mbele na kurudi kama inayosukuma jiwe. Hakuna aliyekuwa amewafunza kwa simu. Mgeni hakuelewa neno hata moja, ila mabega yake yalielewa. Wimbo ulipoisha, alivua kitambaa chake cha rangi, akamvika Nyanchera.

"Anasema mtakwenda," Geoffrey akatafsiri, "lakini mama wa njuga atangulie."

Vigelegele vikapaa. Damaris alipiga makofi bila kuinua macho. Kisha, mbele ya umati ule ule, alipiga magoti na kuanza kufungua njuga kwenye miguu iliyovimba.

"Nilikukosea, Mama. Nilikuaibisha mbele ya watu."

"Fungua polepole, huo wa kushoto unauma," Nyanchera akasema. "Na hiyo ndege, wanaruhusu njuga?"

Damaris hakuweza kucheka. Chozi lake lilidondokea njuga alizotaka zivuliwe, akakiri moyoni mbele za Mungu: mcheza kwao hutunzwa.