Debe Moja, Funguo Mbili

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya watu wengi na ghala moja. Jina lake Ambokile. Alikaa na mke wake na mtoto wao mdogo, Lusajo. Pamoja nao alikaa dada yake Tumpale, aliyekuwa mjane, na Sekela, mke wa mdogo wake. Ndani ya ghala kulikuwa na debe la unga wa uji. Kila aliyepika uji alichota humo bila kuuliza.

Mtunza ghala alikuwa Tumpale; ndiye aliyeshika ufunguo wake mmoja, na kulifungua wakati wa kupika. Kila mwisho wa mwezi alinunua unga kwenye mashine ileile ya kusaga, unga wa mahindi na ulezi, ambao watu wote wa nyumba walikwisha kuuzoea. Haukuwa unga wa kujivunia. Lakini Tumpale alijua nani anakula nini, na kipi kinamdhuru. Alijua kwamba Lusajo akila karanga huvimba koo. Jambo hilo yeye na mama wa mtoto hawakuona sababu ya kulitangaza, maana hakuna mwingine aliyejaza lile debe.

Sekela aliwauzia uji wachuma chai. Wateja wake walitaka uji mzito, wenye soya. Alimwomba Tumpale abadilishe unga, akaambiwa asubiri. Alipoomba tena, akaambiwa asubiri tena. Basi akaenda kwa Ambokile, shemeji yake, akamkuta amechoka. Ambokile hakuuliza ni unga gani wala utawekwa wapi. Alichongesha ufunguo wa pili wa ghala akampa, ili wasimsumbue.

Sekela hakuwa mwizi. Aliumimina unga wa zamani kwenye mfuko, akajaza debe unga wake mpya, akaamini ameitendea wema nyumba nzima. Uji wake ukapendwa. Mwisho wa mwezi Tumpale akafungua debe, akaona unga wa rangi nyingine. Hakuuonja, kwa sababu alidhani umetiwa uchawi. Hakuuliza pia. Aliwamwagia kuku, akajaza unga wake. Kesho yake wachuma chai wakamrudishia Sekela vikombe, wakisema amewapa maji ya kuoshea sufuria. Naye hakuuliza. Alisema moyoni kwamba wifi yake anamwonea wivu, akajaza upya.

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akifuta kazi ya mwenzake na kujiona ndiye anayerekebisha. Tumpale akaanza kila usiku kulaza uzi mweusi juu ya mfuniko, ajue kama kuna aliyelifunua debe. Sekela aliuona, na kila alipofunika debe alijaribu kuurudisha kama ulivyokuwa, lakini haukukaa sawasawa. Siku moja, wakiosha vyombo, Tumpale alisema, "Wifi, panya wa nyumba hii wana akili. Wakimaliza kula wanafunika debe."

"Kweli, wifi," alijibu Sekela. "Na paka naye siku hizi anatega kwa uzi."

Wakacheka, lakini hawakutazamana.

Kila mmoja alikwenda kwa wakati wake kumnong'oneza Ambokile. Huyu alisema yule anatia kitu kwenye debe. Yule alisema huyu anamharibia biashara. Ambokile hakumwamini hata mmoja. Akaanza kuwachungulia wakiingia ghalani, akaacha kunywa uji nyumbani kwake mwenyewe. Lakini hakumwambia mke wake kwa nini ameacha.

Ikafika siku ambayo mashine ambako Sekela alinunua unga ilibadilisha mchanganyiko wake, ikaongeza karanga. Sekela alichukua ule mpya, kama kawaida yake, akajaza debe. Asubuhi mama Lusajo akachota, akapika, akamnywesha mwanawe. Kabla kikombe hakijafika nusu, midomo ya mtoto ilivimba na pumzi yake ikaanza kukwama. Wakamkimbiza zahanati kwa pikipiki. Alipona, lakini kwa shida.

Waliporudi, Ambokile aliwasimamisha dada yake na shemeji yake mbele ya ghala. Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Ambokile alikagua dirisha, akakagua kitasa, akauliza ni nani aliyeingia kumuua mtoto wake. Mke wake alikuwa amempakata Lusajo, hajavua hata viatu.

"Baba Lusajo," alisema, "kitasa hakikuvunjwa. Wote wawili waliingia kwa ufunguo wako."

Ambokile aliondoa mkono kwenye kitasa. Kisha akamwomba Sekela ule ufunguo. Hakumfukuza, wala hakumkataza kununua unga mpya. Alimpa debe lake mwenyewe, dogo, aliweke chumbani kwake na kulijaza anachotaka, na anayekunywa uji wake ajue anakunywa nini. Debe la nyumba aliliacha mikononi mwa Tumpale peke yake.

Uji wa wachuma chai ukawa mzito tena. Lakini Tumpale bado hulaza uzi juu ya mfuniko, na Lusajo hunusa kikombe kabla ya kunywa, hata anapopewa na mama yake.

Ninyi mnaotunza kompyuta, ghala hilo mnalo. Kompyuta huja na mtunza ghala wake, yaani programu inayosakinisha na kusasisha nyingine, anayejua kila programu inategemea nini. Nazo lugha mnazoandikia programu, kila moja ina mnunuzi wake, chombo cha kuleta vipande vya programu vilivyo tayari, anayependa vipya. Wote wawili ni waaminifu, na mkimpa mnunuzi ruhusa ya msimamizi, wote wawili hujaza debe lilelile, yaani folda za mfumo. Basi siku kompyuta itakapogoma, nanyi mkaanza kumtafuta mchawi, je, mtakumbuka ni nani aliyechongesha ufunguo wa pili?