Kiti cha Sultani na Ubao wa Vijiti

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa na nafasi nyingi kuliko akili (na asiseme mtu kwamba nimesema mimi), mji wa Mbweta ulitawaliwa na Sultani Mkame. Binti yake, Bibi Zuwena, alikuwa mja mzito, na Sultani akataka mjukuu wake atengenezewe kitanda kisichopata kuonekana, kinachobembea chenyewe. Basi akatoa mbao nzuri za mninga, akampa kazi Fundi Makungu na wenziwe. Katika karakana ile akilala Chande, mtu asiye na mbele wala nyuma, godoro lake maranda, na chakula chake kwa Fundi Makungu.

Sultani alikuwa na hamu ya kujua kazi imefika wapi, lakini kwenda kutazama, hata! Akaita wauza vyombo vya kusimamia kazi. Mmoja akaleta ubao wa matundu yenye vijiti: kila fundi akipiga hatua asogeze kijiti. Mwingine akaleta ngoma, ipigwe kila randa inapoanza na kila inapokoma. Mwingine akaleta bendera, nyeupe ya kazi iliyokwisha na nyekundu ya kazi iliyokwama. Sultani akashindwa kuchagua, akanunua vyote. Loo! Ikawa karakana nzima ni kusogeza, kupiga na kupeperusha. Palikuwa hata na kijiti cha kazi ya kusogeza vijiti. Matundu yakajaa, na Sultani akaamuru ubao uongezwe, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Kitanda hakikuwa na hata mguu.

Mwezi wa Bibi Zuwena ukawadia, na Sultani akaja juu. "Makungu! Nichagulie chombo kimoja tu, kitakachonionyesha kazi yote waziwazi nami nimekaa kwenye kiti changu, bila kuinuka wala kuuliza mtu. Kesho kisipokuwapo, utauhama mji huu, wewe na misumeno yako!"

Fundi akarudi karakanani. "Chande mwanangu, nimekwisha. Nizaliwe hapa, nizeeke hapa, leo nifukuzwe?" Akalia kama mtoto. Chande moyo ukamuuma kwa ajili ya mzee wake na, tusidanganyane, kwa ajili ya wali.

"Nyamaza, mzee wangu," akasema. "Wewe waambie mafundi kesho wafanye kama kila siku. Mengine niachie mimi."

Asubuhi Chande akaingia barazani kwa Sultani na mahamali wenye mabega mapana, akapiga magoti. "Seyyid yangu, chombo kimepatikana. Ila usiinuke kitini."

"Siinuki."

"Wala usiulize mtu."

"Siulizi, wallahi!"

Basi Chande akawakonyeza mahamali, nao wakakinyanyua kiti na Sultani juu yake, hao, mbio! Waziri akafuata nyuma akihema, makubadhi mkononi.

"Ninyi! Mnanipeleka wa—"

"Kiapo, bwana wangu, kiapo!"

Sultani akauma midomo. Wakamtua katikati ya karakana. Ngoma ikalia, bendera zikapepea, vijiti vikasogezwa. Sultani akatafuta kitanda, hakioni. Akatafuta mbao zake za mninga, hazioni. Macho yakampanda ukutani, na pale akauona mninga wake wote, umegeuzwa ubao wa vijiti kutoka pembe hadi pembe.

Akanuna. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Mara akaangua kicheko mpaka kilemba kikatumbukia ndani ya gundi. "Mwendawazimu wee! Umenichagulia kiti changu mwenyewe!"

"Ndicho hicho, bwana wangu. Kinaonyesha kila kitu. Kasoro yake ni uzito tu."

Basi Fundi Makungu akasamehewa, ngoma wakapewa wapigaji wa harusini, na bendera zikakatwa nepi. Ubao ukateremshwa, ukapasuliwa, ukawa kitanda, Sultani mwenyewe akiwashikia mafundi ncha za mbao. Kilimalizika Bibi Zuwena akiwa ameshashikwa na uchungu. Kujibembeza hakikuweza, kwa hiyo kikafungwa kamba, na mvutaji akawa babu, amekaa kwenye kiti chake.

Siku ya akika, karamu ya mtoto, Chande akila wali mpaka kope zinamfumba na mjukuu amelala kitandani, Sultani alihisi umajimaji wa vuguvugu unamdondokea mguuni kupitia yale matundu. Akainama, akatazama chini ya kitanda, akapiga ukelele wa furaha:

"Makungu! Chande! Njooni! Leo ubao umenipa habari ya kweli!"