Kifuniko cha Mzee Malogo

Hapo zamani. Na zamani yenyewe msiifuate mbali mkachoka bure, ni juzijuzi tu, hata wewe unayepiga miayo ulikuwa umeshaota meno. Kaeni vizuri. Mimi shule niliishia darasa la sita, ndiyo maana nimebaki na akili zangu zote. Fumbo hili limewashinda watu wenye vyeti vya kujaza sanduku. Mkilifumbua, nitawaita walimu. Mkishindwa, mtaniita mimi hivyo.

Hapo zamani, katika kijiji cha Chilendu, huko Ugogo kwenye nchi kame, watu walikuwa na ng'ombe wengi na kupe wengi zaidi. Kila mwezi ng'ombe waliogeshwa kwa dawa. Aliyechanganya dawa ni Mzee Malogo, na kipimo chake kilikuwa kifuniko cha chupa, kikubwa, cheusi, alichokitoboa akakining'iniza kwa uzi kwenye nguzo ya zizi. Vifuniko saba kwa pipa moja la maji. Baba yake alipima saba, na yeye akapima saba. Chupa zilikuja zikaisha, kifuniko kilibaki palepale.

Siku moja ikaja dawa mpya, chupa ndogo, kibandiko chake kimejaa maandishi. Mzee Malogo hakujua kusoma. Akapima saba. Kijana mmoja wa kidato cha pili, Ndahani, aliyekuwa nyumbani likizo, alimsaidia kukoroga. Huyo mkorogaji mshikeni, tutamrudia.

Wa kwanza kuogeshwa walikuwa ng'ombe wa kina Sechelela, kumi na mmoja. Sechelela mwenyewe, binti wa miaka kumi na sita, ndiye aliyewaingiza zizini. Mtamba wa mbele akaanza kutoa udenda. Wa pili akatetemeka miguu. Wa tatu akalala. Nje ya zizi walisubiri ng'ombe wa kijiji kizima, zaidi ya mia tatu, na wenyewe wanasukumana ili zamu ifike haraka.

Hapo akatokea Mwaluko, rika moja na hao wawili, akaburuta magogo akaziba mlango wa zizi, akasimama mbele yake.

"Haingii ng'ombe, hatoki ng'ombe," akasema.

Mjomba wake, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akamchapa fimbo ya mgongo. "Toka hapo, mtoto wa dada. Jua linapanda."

"Nipige tu, mjomba. Siondoki."

Akapigwa kweli. Hakuondoka. Kabla ya jua la utosi, ng'ombe kumi na mmoja wa kina Sechelela walikuwa wamekufa wote, na wale mia tatu wa nje wakarudi nyumbani wazima.

Mtaalamu wa mifugo akaja, akasoma kibandiko, akaguna. "Hii ni kali. Kwa pipa hili ilitosha kifuniko kimoja tu cha hicho chenu."

Basi kijiji kikamgeukia Mzee Malogo. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walimwacha tu. Watoto wakaacha kumwamkia, wakubwa wakaangalia pembeni anapopita. Na wakaweka sheria: tangu leo, karatasi yoyote ikiingia Chilendu, iwe ya dawa, ya shule au ya harusi, isomwe kwa sauti mbele ya watu. Mnacheka? Na mialiko ya harusi ilisomwa, mpaka pale palipoandikwa usije na mtoto.

Ikapita miaka mitatu. Ushirika wa maziwa wa kijiji ukapata nafasi moja katika chuo cha mifugo. Moja, si mbili. Atakayekwenda atasomeshwa na ushirika, kisha arudi awe mganga wa ng'ombe wa Chilendu. Wakaomba watatu: Sechelela, Mwaluko na Ndahani. Fomu ikawauliza swali: ni tukio gani katika maisha yako lililokufanya uchague masomo haya? Wakaandika barua tatu, kila mmoja peke yake. Zilipokusanywa, zote zilisimulia siku moja, ile ya dawa. Hawakuibiana. Siku ile iliwapata wote.

Sheria ni sheria, barua zikasomwa kwa sauti. Watu wakajaa katika ofisi ya ushirika, mbele amekaa Mama Lechipya, mwenyekiti. Nyuma kabisa, kwenye madebe ya maziwa, amekaa Mzee Malogo, maana alikuwa bado na ng'ombe mmoja na uanachama wake.

Akasimama Sechelela, akasoma. "Nilitaka kuwa mwalimu. Lakini siku ile nilipakata kichwa cha ng'ombe wetu Nhembo, akanitazama mpaka akaisha, nami sikuwa na la kufanya zaidi ya kumfukuzia nzi. Baba aliniambia, sasa tumebaki na fimbo tu. Nataka kusoma ili siku nyingine nikipakata kichwa, mikono yangu ijue la kufanya."

Watu wakasema, "Huyu anastahili. Aliyepoteza ndiye ajuaye."

Mama Lechipya akasema, "Ngoja kwanza. Binti yangu, tangu siku ile umeshika ng'ombe?"

"Sijashika, mama. Nikikaribia, mikono inatetemeka."

"Na chuoni utashika nini, mbuzi wa karatasi?"

"Nitashika huku inatetemeka. Nani alisema ng'ombe anajali?"

Watu wakacheka kidogo. Akakaa.

Akasimama Mwaluko, akasoma. "Siku ile nilisimama mlangoni na mgongo wangu una alama mpaka leo. Ng'ombe mia tatu mnaowakamua asubuhi ni wale niliowazuia na wazao wao. Nataka kusoma kwa sababu siku ile nilijua kwamba naweza kusimama."

Watu wakasema, "Huyu anastahili. Aliyeokoa ndiye mganga."

Mama Lechipya akasema, "Ngoja kwanza. Ulijuaje kwamba ni dawa?"

Mwaluko akakuna kichwa. Mgongo anao, uongo hana. "Sikujua, mama. Nilidhani ni ugonjwa wa ng'ombe wa kina Sechelela, nikaogopa utawarukia wa mjomba. Ndiyo maana sikuwaruhusu watoke."

Baba yake Sechelela akainua uso. "Nilikuomba kwa mdomo wangu, nipishe niwapeleke bwawani niwaoshe. Mtaalamu alisema wangeoshwa mapema, wengine wangepona."

"Ndiyo, baba. Nilikuzuia. Nataka kusoma nijue siku nyingine nifunge mlango upi na nifungue upi."

Hapa hawakucheka. Akakaa.

Akasimama Ndahani. Huyu ndiye aliyekuwa na alama za juu kuliko wote, mtu wa aina yenu, mnaopenda vyeti. Akasoma. "Siku ile nilikuwa nakoroga dawa. Nilisoma kibandiko. Nikaona saba ni nyingi. Nikamwambia Mzee Malogo, babu, hapa wameandika kidogo. Akanijibu, koroga, mjukuu, karatasi haijawahi kuogesha ng'ombe. Nikaona haya kubishana na mtu mzima. Nikakoroga. Ng'ombe walipoanza kuanguka sikusema. Mtaalamu alipokuja sikusema. Kwa miaka mitatu nimempisha Mzee Malogo njiani na sikusema. Nataka kusoma kwa sababu hakuna mtu duniani atakayepima dawa kwa uangalifu kuliko mimi."

Safari hii hakuna aliyesema anastahili.

Mwaluko ndiye aliyeanza. "Miaka mitatu, Ndahani. Umekuja kusema leo, kwenye karatasi ya kuombea chuo?"

"Ningeandika nini kingine? Fomu iliuliza ukweli."

"Mzee naye alikuwa anauliza kila siku, kwa macho."

"Ningeweza kuandika kwamba napenda wanyama," Ndahani akasema. "Ningeipata nafasi leo na msingejua."

Nao huo ni ukweli, mkatae mkitaka.

Mama Lechipya akawatazama wajumbe wa kamati ya ushirika. Mmoja akasema Sechelela, mwingine akasema Mwaluko, wa tatu, mwalimu mstaafu, akasema kwa sauti ndogo, "Ndahani." Fomu ilitakiwa iende wilayani siku hiyohiyo.

Ndipo aliposimama baba yake Sechelela. Yeye aliyebaki na fimbo tu. Akageuka nyuma, akasema, "Kaka Malogo, njoo mbele. Chagua wewe."

Miaka mitatu hakuna aliyemwita kaka. Mzee Malogo akashika ukuta, akaja taratibu, akasimama mbele ya vijana watatu. Akamtazama Ndahani zaidi ya wengine.

"Kijana aliniambia," akasema. "Ni kweli aliniambia. Mimi nami kwa miaka mitatu sikusema kwamba niliambiwa. Niliona ni mtoto, asije naye akaachwa kama mimi."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kifuniko kikubwa, cheusi, bado kina uzi wake.

"Nilikifungua kwenye nguzo siku ileile. Natembea nacho. Fomu mimi sijui kujaza. Nitakayempa hiki, mwandikeni jina."

Akakinyoosha mbele. Sechelela akatoa mkono, ukawa unatetemeka, lakini haukurudi. Mwaluko akatoa wake, umetulia kama siku ile mlangoni. Ndahani akaiweka mikono yake nyuma.

Kalamu ya Mama Lechipya iko juu ya fomu.

Haya, wenye vyeti na tusio navyo. Aliyepoteza akitetemeka, aliyeokoa akikosea, au aliyekosea akikiri kwa kuchelewa. Usininong'oneze wewe wa pembeni, sema wakusikie, hapa karatasi husomwa kwa sauti. Je, kifuniko kilistahili kutua katika mkono wa nani?