Mlima Tulioupanda

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, somo tutalirudia. Nataka kwanza niwape mzee mmoja. Msigeukegeuke kumtafuta, hayumo humu ndani, nimemtunga mwenyewe. Ila ukiona anafanana na mtu unayemfahamu, na hasa ukiona anafanana na wewe, usinung'unike. Kaa naye hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mzee huyu alikuwa bwana mifugo mstaafu, huku huku kwetu milimani, kwenye baridi yetu hii ya mwezi wa saba, pale majani yanapoamka meupe na maji ya kunawa yameganda kwenye ndoo. Ujanani alikuwa na pikipiki. Leo mtasema pikipiki nayo ni kitu? Kila kona zipo, zinatupigia honi mpaka kwenye mazishi. Lakini wakati ule kata nzima ilikuwa na moja, na hiyo moja ilikuwa yake. Nyekundu, tangi la mviringo, ya kuchanganya petroli na oili, ikipita inaacha moshi wa bluu njia nzima. Alipostaafu hakuiuza. Aliiingiza stoo akaifunika blanketi. Blanketi zito, jipya. Nimeshawaambia habari ya baridi, na ndani ya nyumba ile alikuwamo mama, mkewe, mwenye magoti mabovu, lakini blanketi lilikuwa juu ya pikipiki. Tuendelee.

Kila Jumamosi mzee aliitoa uani akaipangusa, na vijana wa bodaboda wakasogea kumsikiliza. Kusimulia alijua. Aliwaambia siku alipojifunza kuiendesha, jinsi alivyojua kuongeza moto bila kujua kufunga breki, akaingia moja kwa moja kwenye bustani ya kabichi ya katekista, akainuka amejaa udongo mpaka masikioni, anacheka peke yake. Aliwaambia jinsi alivyokuwa akitandika gazeti kifuani ndani ya koti ili upepo usimchome. Jinsi wanawake walivyosimamisha majembe shambani wakasikiliza mlio kabla hawajamwona. Jinsi harufu ya petroli ilivyobaki mikononi mwake hata wakati wa kula, naye hakutaka kuinawa.

"Ninyi mnabonyeza kidude, chombo kinawaka," aliwaambia. "Hii ilikuwa inataka ubembeleze. Unapiga kiki, unaomba, unapiga tena."

"Duh, mzee, mlikula raha," vijana wakamjibu.

Naye machozi yalimlenga, machozi ya kweli kabisa. Hakuwa mwongo mzee yule. Alikuwa anaukumbuka ujana wake, na nani kati yetu haukumbuki?

Halafu, kila Jumamosi, alimalizia na hadithi yake kubwa, ya siku ya mavuno. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara ya kwenda kanisani imekuwa matope matupu, na kanisa liko juu ya mlima. Magari mawili ya wafadhili yamekwama. "Sisi tukapanda!" anasema mzee, amesimama kabisa. "Mimi na mama yenu. Tuliupanda ule mlima, tope mpaka magotini, hatukusimama hata mara moja! Tulipofika mlangoni watu wakaacha kuimba, wakapiga makofi."

Mama mwenyewe alikuwa jikoni, mlango wazi, anasikia kila neno. Habari ya kabichi alikuwa akitabasamu nayo. Ya gazeti pia. Lakini mzee akifika siku ya mavuno, mama alinyanyuka na fimbo yake akatokea mlango wa nyuma, akaenda kusimama kwenye migomba mpaka makofi ya vijana yaishe. Kila Jumamosi. Na mzee hakuwahi kuuliza, kwa nini mke wangu ana kazi kwenye migomba saa ile ile?

Ikafika jubilei ya ndoa yao. Usharika ukaamua kuwabariki mbele ya watu wote, tarumbeta zipigwe, keki ikatwe. Mzee akasema hiyo ndiyo siku. Akaagiza plagi mjini, akasafisha kabureta, akashonesha kiti kipya cha nyuma. Jioni moja akaingia jikoni anapangusa mikono.

"Mama Tumpe, Jumapili hatupandi gari la mtu. Tunapanda pikipiki yetu mpaka mlangoni mwa kanisa, kama zamani."

Mama alikuwa anamenya viazi. "Zamani ipi, baba Tumpe?"

"Zamani si ile ile? Kama siku ya mavuno, tulivyoupanda mlima."

Mama akaweka kisu chini. "Siku ile mimi nilikaa wapi?"

"Ulikaa nyuma yangu."

"Nyuma yako nilikuwa. Kukaa sikukaa." Wala hakupaza sauti. "Ulinipakia mpaka darajani. Pale ikazima, maana ilikuwa inazima pale kila Jumapili, ukaniambia, 'Shuka mama, sukuma kidogo tu.' Nikasukuma. Ikawaka, ukaondoka nayo, kwa sababu ukisimama inazima tena. Wewe ulipanda pikipiki, baba Tumpe. Mimi nilipanda mlima."

Mzee akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Basi si wote tulifika?"

"Tuliondoka nyumbani watatu," akasema mama. "Tukarudi wawili."

Mzee alijua mama anasema nini. Kabla ya Tumpe kulikuwa na mimba nyingine, mimba yao ya kwanza, iliyokuwa imeshaonekana, nayo ilitoka. Hilo mzee hakulisahau, mtoto yule alimzika kwa mikono yake. Lakini kichwani mwake siku ya mavuno ilikaa chumba chake na ule msiba ukakaa chumba chake, na mlango wa katikati alikuwa ameupiga misumari.

"Hiyo ilikuwa siku nyingine," akasema.

"Ilikuwa siku ile ile. Watu walipokuwa wanakupigia makofi mlangoni, mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya nyumba ya mchungaji, mke wa mchungaji amenishika kiuno. Wewe hukuona. Ungeonaje? Ulikuwa unatazama mbele."

Hapo wapendwa mngetegemea mama aseme siendi, peleka chuma chako peke yako. Hakusema hivyo. Na kwangu mimi hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii yote. Alisema, "Nimekitamani kile kiti tangu siku uliyokuja nacho. Jumapili nitapanda. Ila nifikishe juu. Mara hii moja tu, baba Tumpe, nifikishe juu, usiniache pale darajani."

"Nitakufikisha," mzee akasema. "Mbele za Mungu nakuahidi." Na alikuwa anamaanisha. Sisi wote huwa tunamaanisha.

Jumapili ikafika. Vijana wa bodaboda wakataka kuwasindikiza, mzee akakataa. "Tangulieni mkatupokee juu. Leo tuacheni wawili." Mama akavaa kitenge kipya na viatu vya wazi alivyotumiwa na Tumpe, akapandishwa kwenye kile kiti, akamshika mumewe kiunoni. Majirani wakapiga vigelegele. Barabara ya tambarare ile, wapendwa, mama alicheka kama msichana. Upepo ukampiga usoni, akaegemeza shavu mgongoni kwa mzee, akasema, "Kumbe ndiyo hivi? Nilishasahau."

Wakafika darajani. Mlima mbele yao, kanisa linaonekana, watu wamejipanga pande mbili, tarumbeta zimeanza kulia baada ya kusikia mlio. Pikipiki ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Mzee akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena mpaka koti la suti likampanda mabegani. Juu kule tarumbeta zikasita, watu wakawa wanachungulia. Na mzee akaona aibu. Angeweza kuiegesha pembeni, amshike mama mkono, wapande taratibu wawili, wachelewe, keki ingoje. Angeweza kupunga mkono tu, vijana wangeshuka mbio kumchukua bibi yao. Hayo yote yalikuwepo. Lakini mzee alikuwa anawatazama wale watu juu ya mlima. Kinywa chake kikafunguka chenyewe, wala hakugeuza shingo, akasema, "Shuka mama. Sukuma kidogo tu."

Kiunoni akasikia mikono inamwachia. Inaachia polepole, kidole kimoja kimoja. Kiti kikawa chepesi.

Akasukuma. Mnafikiri alikataa? Alisukuma, na magoti yale, na viatu vile vya Tumpe. Ikawaka! Moshi wa bluu ukatanda, ile harufu ikampanda mzee puani, na ujana wote ukamrudia kwa mkupuo mmoja. Akajiambia nikisimama inazima. Akaongeza moto. Akaupanda ule mlima wima, tarumbeta zinapigwa kwa nguvu zote, vijana wanaruka, wamama wanapepea khanga, naye analia kwa furaha. Akafika mlangoni mwa kanisa, akanyanyua mkono mmoja juu, akapiga kelele, "Tumefika!"

Hakuna aliyepiga makofi. Tarumbeta zikaacha moja baada ya nyingine. Mchungaji akasogea na joho lake jeupe, akamwinamia sikioni, akamwuliza kwa upole, "Mzee, mama yuko wapi?"

Hapo ndipo mzee alipogeuka. Akatazama kule chini. Mama alikuwa ameshalivuka daraja, amewapa mgongo, viatu ameshika mkononi, anarudi nyumbani kwa miguu. Hakuwa na haraka. Hakugeuka.

Na mnajua mzee aliwaza nini kwanza? Naomba mnisikilize vizuri hapa. Watu wote wanamtazama, mke wake anakwenda, pikipiki inanguruma chini yake, naye aliwaza hivi: nikiizima hii, nani atanisukumia?

Mfano wangu umeishia hapo. Msije nje baadaye kuniuliza kama alimfuata. Sijui. Ninachojua ni kwamba mmekasirika, nawaona nyusoni, akina mama hasa, mmeshamhukumu yule mzee mnataka tumfukuze ushirika. Ngojeni kidogo.

Sisi tuna ushuhuda mzuri. Tunasimama hapa kila mwaka, tunashika kipaza sauti, tunasema tulianza chini ya turubai, tulijenga, tulisomesha, tulipita bonde la machozi, Bwana akatuvusha. Tuli, tuli, tuli. Mimi nikisikia hiyo "tu" siku hizi nauliza, akina nani? Kuna dada yako aliyeacha shule ili wewe usome, ukihadithia unasema tulisoma kwa shida. Yeye alisoma lini? Kuna mama aliyebeba maji ya kuchanganya saruji ya ukuta huu hapa, na siku ya kuweka jiwe la msingi hakukuwa na kiti chake. Kuna mdogo wako anayemwuguza baba kijijini, na wewe mjini unasema tunamtunza mzee. Hatusemi uongo, machozi yetu ni ya kweli. Shida yetu ni kwamba tulikuwa tunatazama mbele, na tukaja kuzipenda hizo kumbukumbu kuliko watu waliomo ndani yake. Wakituambia yaliyotokea nyuma yetu, tunawajibu, hiyo ilikuwa siku nyingine.

Nao hawatupigii kelele. Wanatuomba kitu kidogo, mara moja tu, tunaahidi mbele za Mungu, na tukifika pale penye aibu kidogo midomo yetu inasema yale yale ya siku zote.

Nilitaka tuimbe sasa, lakini hatuimbi. Yuko mtu umemkumbuka nikiwa naongea, jina lake limekujia, na ulishaanza kutafuta kwa nini yeye ni habari nyingine. Usiniitikie amina. Mlango ule pale uko wazi, na sadaka itakungoja. Nenda.